Donny Hathaway na santuri iliyopewa kisogo

MNAMO Juni 1973, kampuni ya Atco, iliyokuwa tawi la Atlantic Records ya Marekani, ilitoa santuri mpya ya mwimbaji wa soul, Donny Hathaway, iliyopewa jina Extension of a Man. Mashabiki waliomfahamu kwa nyimbo za mahaba walipoiweka sindano juu ya santuri hiyo, hawakukutana na mapenzi. Walikutana na okestra.

Kwa zaidi ya dakika tano, nyuzi, ala za kupuliza na kwaya zilipanda na kushuka mithili ya mawimbi ya bahari, pasipo ngoma ya kuchezesha miguu wala ubeti wa kumbembeleza mpenzi. Ni baada ya hapo tu ambapo sauti nzito na laini ya Hathaway ilichomoza na kuanza kuimba.

Soko halikuipokea kwa shangwe. Kwenye orodha ya jarida la Billboard ya albamu zinazonunuliwa zaidi Marekani, santuri hiyo haikupanda juu ya nambari 69. Mwaka mmoja tu awali, albamu yake iliyorekodiwa mbele ya hadhira, Live, ilikuwa imefika nambari 18, nayo ile aliyoimba na Roberta Flack ikafika nambari tatu. Kwa mizani ya biashara, Extension of a Man ilikuwa hatua ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, hiyo ndiyo kazi ambayo Hathaway alijimwaga ndani yake mzima mzima. Pia ndiyo albamu ya mwisho aliyoikamilisha studioni akiwa peke yake kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 33.

Mjukuu wa kanisani

Donny Hathaway alizaliwa Oktoba 1, 1945, katika jiji la Chicago, lakini alilelewa St. Louis, jimbo la Missouri, chini ya uangalizi wa bibi yake, Martha Pitts. Bibi huyo alikuwa mwimbaji wa nyimbo za injili, na hakukawia kutambua kipaji cha mjukuu wake. Akiwa na umri wa miaka mitatu tu, Donny alikuwa tayari amesimamishwa mbele ya waumini, akiimba kwa jina la Donny Pitts huku akijipigia ukulele, ala ndogo inayofanana na gitaa.

Mtaa alikokulia, Carr Square, ulikuwa wa nyumba za umma zilizokaliwa na watu weusi wenye mapato duni. Ni huko alikojifunza mambo mawili ambayo hayakumtoka maishani: muziki wa kanisa la watu weusi, pamoja na purukushani, vicheko na dhiki za mitaa yao. Yote mawili yangerejea katika santuri ya mwaka wa 1973.

Baada ya kumaliza masomo katika shule ya upili ya Vashon mnamo 1963, Hathaway alipata ufadhili wa kusomea muziki katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, chuo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kitovu cha elimu ya Wamarekani weusi. Hapo alikutana na Roberta Flack, aliyekuja kuwa mwenzake katika muziki, na Leroy Hutson, ambaye baadaye alichukua nafasi ya Curtis Mayfield katika kundi la The Impressions.

Chuoni, kijana huyo aliyelelewa kwa injili alifunguliwa mlango mwingine. Alisoma nadharia ya muziki na kuzichambua kazi za watunzi wa Ufaransa kama vile Claude Debussy na Maurice Ravel, waliotumia okestra kuchora picha za maji, mwanga na upepo. Jioni alipiga jazi katika kundi la watu watatu lililoongozwa na mpiga ngoma Ric Powell. Jumapili bado alikuwa mtu wa kanisa. Kwake, hizo hazikuwa dunia tatu zinazopingana bali vyumba vitatu vya nyumba moja.

Fundi wa nyuma ya pazia

Hathaway aliondoka Howard mnamo 1967 kabla ya kuhitimu, kwa kuwa kazi zilikuwa zimeanza kumwandama. Mwaka huo huo alimwoa Eulaulah Vann, ambaye pia alikuwa amesomea uimbaji chuoni humo. Alirejea Chicago na kujiunga na kampuni ya Curtom ya Curtis Mayfield, ambako alifanya kazi kama mtunzi, mpangaji wa muziki, mpiga kinanda na mtayarishaji. Katika miaka hiyo alitia mkono katika rekodi za wasanii kadhaa, wakiwemo The Staple Singers. Baadaye alipiga kinanda katika kibao Rock Steady chake Aretha Franklin.

Ni mpiga saksafoni King Curtis aliyemvuta hadi Atlantic mnamo 1969. Kibao chake cha kwanza, The Ghetto, kilitoka mwanzoni mwa 1970, kikafuatwa na albamu Everything Is Everything mwaka huo huo. Mwishoni mwa mwaka akatoa This Christmas, wimbo wa Krismasi ambao hadi leo hupigwa Marekani kila Desemba. Albamu ya pili, iliyobeba jina lake mwenyewe, ilitoka 1971.

Kisha ukaja mwaka wa 1972, mwaka wa mavuno. Live, iliyorekodiwa katika klabu ya Troubadour mjini Los Angeles na ile ya Bitter End jijini New York, iliwaonyesha wasikilizaji jinsi alivyoweza kuugeuza ukumbi kuwa kwaya yake. Kibao Where Is the Love, alichoimba na Flack, kilifika nambari tano katika orodha ya nyimbo maarufu na kuwaletea tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Isitoshe, alitunga muziki wa filamu Come Back Charleston Blue na kuimba wimbo wa utangulizi wa kipindi cha televisheni, Maude.

Mtu mwingine angeridhika. Njia ilikuwa wazi: nyimbo zaidi za mahaba, ikiwezekana pamoja na Flack, na pesa zingeendelea kumiminika. Hathaway, aliyekuwa na umri wa miaka 27, aliamua kutumia umaarufu wake kuonyesha mambo ambayo redio hazikuwa zimempa nafasi ya kuyaonyesha.

Nyimbo kumi, njia nyingi

Extension of a Man ilitayarishwa na Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul, Uturuki, aliyekuwa mmoja wa mafundi hodari zaidi wa Atlantic. Hata jina la santuri lilitangaza nia yake. Huyu hakuwa mtu anayebadilika kuwa mwingine, bali mtu anayejinyoosha hadi kimo chake kamili.

Utangulizi wa okestra, I Love the Lord. He Heard My Cry, ulichukua jina lake kutoka kwa wimbo wa kale wa kanisa unaotokana na Zaburi ya 116, ambao vizazi vya watu weusi viliuimba katika makanisa ya kusini mwa Marekani. Hathaway aliuchukua urithi huo wa bibi yake na kuuvika vazi alilojifunza kulishona Howard. Anayesikiliza kwa makini atasikia kanisa la St. Louis na kumbi za Paris zikizungumza bila kugombana.

Bila kukatiza, okestra inaukabidhi usukani wimbo wa pili, Someday We'll All Be Free. Kutoka hapo msikilizaji anapelekwa kwa Flying Easy, wimbo mwepesi unaopaa kama tiara, halafu Valdez in the Country, muziki usio na maneno ambamo kinanda cha umeme kinacheza jazi juu ya mdundo wa fanki. Upande wa kwanza unafungwa na I Love You More Than You'll Ever Know, bluzi iliyotungwa na Al Kooper na kurekodiwa kwanza na kundi la Blood, Sweat & Tears mnamo 1968. Hathaway aliuimba taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi kortini huku akijua kuwa hataaminiwa, na wengi wanauhusisha wimbo huo na jina lake kuliko la mwenyewe aliyeutunga.

Upande wa pili nao haukai mahali pamoja. Come Little Children ni bluzi yenye mwito na kiitikio, nayo Love, Love, Love, utunzi wa J.R. Bailey na Ken Williams, ni soul tamu ya kawaida. The Slums unarejesha kelele za mtaani, watu wakiongea na kutaniana juu ya mdundo mzito kana kwamba kinasa sauti kimeachwa barazani. Magdalena, wa mtunzi Danny O'Keefe, unachekesha kwa mwendo wa kinanda cha vilabu vya zamani. Hatimaye I Know It's You, utunzi wa Leon Ware, unamrudisha msikilizaji kwenye mapenzi, lakini mapenzi yanayoimbwa kwa unyenyekevu wa sala.

Mgala muue na haki yake mpe. Santuri hii ina dosari zake. Magdalena unakaa kama mgeni aliyeingia arusi isiyo yake, na kuruka kutoka okestra hadi fanki hadi mzaha kunaweza kumchosha anayetafuta mkondo mmoja. Marvin Gaye mnamo 1971, na Stevie Wonder katika miaka iliyofuata, walijaribu mambo mapya pia na wakatuzwa na soko. Tofauti ni kuwa Gaye aliufunga ubunifu wake kwa uzi mmoja wa hadithi, ilhali uzi pekee wa Hathaway ulikuwa Hathaway mwenyewe.

Na hapo ndipo kosa la wakati huo lilipokuwa. Vituo vya redio vilipanga muziki kwa mafungu, nayo maduka yalipanga santuri kwa rafu. Okestra ya dakika tano haikuwa na fungu wala rafu ndani ya soul. Mwanamuziki mweusi aliyeimba kuhusu mapenzi alieleweka mara moja, lakini aliyetaka kusikilizwa kama mtunzi wa okestra alionekana kama aliyepotea njia. Love, Love, Love, ulio mwepesi zaidi kuuweka katika fungu, ndio uliopigwa redioni, na hata huo haukuvuka nambari 44 katika orodha ya jumla ya nyimbo.

Vita vya ndani

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo wanunuzi hawakuijua. Mapema katika miaka hiyo ya sabini, madaktari waligundua kuwa Hathaway alikuwa akiugua skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuwashuku hata wanaompenda. Dawa zilimpa nafuu, lakini hakuzitumia kwa utaratibu. Kila alipoziacha, giza lilimrudia.

Ni hali hiyo iliyouzaa Someday We'll All Be Free. Muziki ni wa Hathaway, lakini maneno yaliandikwa na rafiki yake, Edward Howard. Wengi waliupokea kama wimbo wa ukombozi wa watu weusi, na si kosa kuuelewa hivyo. Hata hivyo, Howard alisimulia baadaye kwamba alipokuwa akiandika alikuwa akimfikiria rafiki yake na mateso yaliyokuwa akilini mwake. Kwa mujibu wa masimulizi yake, Hathaway alipousikiliza wimbo uliokamilika alibubujikwa na machozi.

Ukiujua ukweli huo, mpangilio wa santuri unapata maana nyingine. Inaanza na kilio kinachomfikia Mungu katika zaburi, kisha inafuatwa na rafiki anayemtia moyo mgonjwa asikate tamaa. Yaliyoonekana kama majaribio ya mitindo yalikuwa pia juhudi za mtu kukusanya vipande vyake vyote mahali pamoja kabla havijatawanyika.

Baada ya 1973, Hathaway alilazwa hospitalini mara kadhaa. Ndoa yake ilivunjika, na uhusiano wake wa kikazi na Flack ukapoa kwa miaka kadhaa. Mwanamuziki aliyekuwa ametoa albamu tano katika muda wa miaka mitatu hivi alinyamaza, isipokuwa maonyesho ya hapa na pale katika vilabu.

Flack hakumsahau. Alimrudisha studioni, na wimbo wao The Closer I Get to You ulifika nambari mbili katika orodha ya jumla mnamo 1978, na kuongoza orodha ya nyimbo za soul. Ilionekana kwamba jua lilikuwa limechomoza tena, na wawili hao wakaanza kurekodi albamu nyingine.

Januari 13, 1979, Hathaway alikuwa katika studio jijini New York akirekodi chini ya watayarishaji James Mtume na Eric Mercury. Mtume alieleza baadaye kwamba sauti ya mwimbaji huyo ilikuwa bado nzuri, lakini ghafla akaanza kudai kuwa kulikuwa na watu waliotaka kumuua, na kwamba walikuwa wameunganisha ubongo wake na mtambo ili wamwibie muziki wake. Kazi ilisimamishwa, kila mtu akaenda zake.

Usiku huo mwili wake ulipatikana chini ya hoteli ya Essex House, alikokuwa akiishi katika ghorofa ya 15. Wachunguzi hawakupata dalili zozote za kushambuliwa, na ikaamuliwa kuwa alijitoa uhai. Baadhi ya marafiki zake waliona vigumu kulikubali hilo, kwani kazi yake ilikuwa imeanza kushika kasi upya. Mchungaji Jesse Jackson aliongoza ibada ya mazishi. Nyimbo mbili alizokuwa amekwisha kurekodi na Flack, You Are My Heaven na Back Together Again, zilitoka mnamo 1980.

Urithi uliochelewa

Santuri iliyopuuzwa iliendelea kuishi kwa vipande. Mpiga gitaa George Benson aliirekodi Valdez in the Country katika albamu yake In Flight ya mwaka wa 1977. Aretha Franklin aliimba Someday We'll All Be Free kwa ajili ya filamu Malcolm X ya Spike Lee, iliyotoka 1992. Na Septemba 21, 2001, siku kumi baada ya mashambulizi ya kigaidi nchini Marekani, Alicia Keys aliuchagua wimbo huo huo katika matangazo maalumu ya televisheni ya kuwachangia waathiriwa. Maneno yaliyoandikwa ili kumfariji mtu mmoja yakawa faraja ya taifa zima.

Mnamo 2013, mkusanyiko wa kazi zake uitwao Never My Love uliweka hadharani rekodi ambazo hazikuwa zimewahi kutolewa. Miongoni mwazo ni ZYXYGY Concerto, utunzi wa okestra wa takriban dakika 20. Rekodi hiyo ilithibitisha kwamba utangulizi wa Extension of a Man haukuwa mapambo wala majivuno ya mwimbaji aliyelewa sifa. Hathaway alikuwa mtunzi wa okestra kwa dhati, na lililokosekana ni muda, afya na soko la kumsikiliza.

Damu yake nayo haikunyamaza. Binti zake Lalah na Kenya, huyu wa pili akiwa na jina la taifa hili la Afrika Mashariki, wote ni waimbaji. Lalah alirekodi albamu mbele ya hadhira katika klabu ile ile ya Troubadour alikorekodi baba yake, na mnamo 2016 akatuzwa Grammy kwa kuimba Little Ghetto Boy, wimbo ambao baba yake aliuimba katika albamu Live. Marehemu mwenyewe alitunukiwa tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha mnamo 2019, miaka 40 baada ya kufariki. Roberta Flack aliaga dunia Februari 24, 2025.

Wanaomkumbuka Hathaway kwa nyimbo za mahaba pekee hawakosei, lakini wanamkumbuka nusu. Nusu ya pili imo katika santuri ya mwaka wa 1973, na haihitaji elimu ya muziki kuitambua. Inatosha kuianza mwanzo, bila kuiruka okestra, na kuiacha iende hadi mahali ambapo nyuzi zinatulia na sauti ya mwanadamu inaingia.